Julepu Haikubuniwa na Kanali

Kila Jumamosi ya kwanza ya Mei, watu wapatao 150,000 hujazana katika uwanja wa Churchill Downs, mjini Louisville, jimbo la Kentucky nchini Marekani, kutazama farasi wa miaka mitatu wakishindana mwendo wa kilomita mbili hivi. Mashindano yenyewe, Kentucky Derby, huchukua dakika mbili tu. Farasi Secretariat aliyamaliza kwa muda pungufu ya huo mwaka 1973, na mpaka leo hajapatikana wa kumpita. Saa nyingine zote za siku hiyo ni za kofia pana, kuweka dau na kunywa. Kinywaji kinachotawala ni julepu ya nanaa: wiski ya bourbon, sukari, majani mabichi ya nanaa na barafu iliyopondwa ikawa chenga, ndani ya kikombe cha fedha kilichoganda ukungu mweupe kwa nje. Kwa hesabu za uwanja wenyewe, katika siku mbili za Ijumaa na Jumamosi huuzwa julepu karibu 120,000, nazo hula nanaa yapata kilo 450 na barafu inayopita tani 27. Pamoja na kinywaji, mnunuzi hupewa hadithi: kwamba hiki ni kinywaji cha mabwana wa Kentucky ya zamani, wenye suti nyeupe na cheo cha heshima cha kanali, walioketi barazani wakitazama farasi wao malishoni. Hadithi hiyo ni tamu kuliko ukweli. Ushahidi unaonyesha kwamba julepu haikuzaliwa Kentucky, haikuanza na bourbon, na kwamba walioifanya iwe kitu cha kusifiwa ni wahudumu weusi, baadhi yao watumwa, ambao majina yao yalivuma enzi zao kabla ya kufunikwa. Msomaji asiyegusa pombe asidhani hayamhusu. Hii ni historia ya kazi ya mikono, na ya nani hubaki na sifa yake.

Julepu ilikuwa dawa kabla ya kuwa starehe. Matabibu wa Uajemi na nchi za Kiarabu walitumia shira yenye maji ya waridi ili mgonjwa aweze kumeza dawa chungu, na kwa mkono wao shira hiyo, jina na vyote, ikaingia katika tiba ya Ulaya. Walowezi wa Kiingereza wakavuka nayo Atlantiki. Huko Virginia ilitiwa pombe kali na nanaa, watu wakainywa alfajiri kwa imani kwamba inakinga homa za mabondeni. Mwaka 1803 Mwingereza John Davis, aliyekuwa amefundisha watoto wa familia za Virginia, alichapisha kitabu cha safari zake, na humo akaeleza kwamba julepu ni pombe kali iliyotiwa nanaa, ambayo watu wa Virginia huinywa asubuhi. Kentucky haimo katika maelezo hayo, wala bourbon. Mwaka 1839 Kapteni Frederick Marryat, mwanamaji na mwandishi aliyezunguka Marekani, alitoa kanuni ya julepu aliyoipenda kupita kiasi: brandi ya kawaida na brandi ya pichi. Na mwaka 1862, Jerry Thomas alipotoa mwongozo wa kwanza mashuhuri wa wahudumu wa baa wa Marekani, julepu yake ya nanaa ilikuwa ya brandi ya Cognac. Basi katika maandishi ya katikati ya karne ya 19, kinywaji hiki kilichosifiwa katika hoteli kubwa kilikuwa cha zabibu za Wafaransa, si cha mahindi ya Kentucky. Kilichopindua mambo ni mdudu. Filoksera, aliye mdogo kuliko punje ya mtama, alitafuna mizizi ya mizabibu ya Ufaransa katika nusu ya pili ya karne ya 19, brandi ikaadimika na kupanda bei, na wiski ya Marekani ikakalia kiti kilichoachwa wazi.

Hapa mtu wa Kentucky ana haki ya kupinga. Kentucky ilikuwa sehemu ya Virginia mpaka ilipokuwa jimbo mwaka 1792. Waliohamia huko walivuka milima wakiwa na tabia zao, wakapanda mahindi, wakayageuza wiski. Itakuwaje wasitie nanaa katika walichokuwa nacho? Hoja hiyo ina uzito, nami sina sababu ya kuikataa. Mafundi wa fedha wa Lexington, kama Asa Blanchard aliyefariki mwaka 1838, walifua vikombe ambavyo leo huitwa vya julepu, na vingine vilitolewa zawadi katika maonyesho ya kilimo. Seneta Henry Clay wa Kentucky anasimuliwa kuwa ndiye aliyewafundisha wanasiasa wa Washington kuitengeneza kwa bourbon katika hoteli ya Willard. Hata tukiyakubali yote hayo, tumethibitisha tu kwamba wakulima wa Kentucky walikuwa na namna yao ya kinywaji cha Virginia. Hatujathibitisha kwamba sifa iliyoenea mpaka Ulaya ilitoka kwenye baraza zao. Sifa hiyo ilitoka mjini, katika baa za hoteli, na sababu yake ya kwanza ni barafu.

Katika maelezo ya Davis barafu haimo. Mwaka 1806 Frederic Tudor, mfanyabiashara wa Boston, alisafirisha shehena ya barafu iliyokatwa kwenye mabwawa ya kaskazini hadi kisiwa cha Martinique. Watu walimcheka, naye akapata hasara, lakini hakukoma. Mwaka 1833 meli yake ilifikisha barafu Calcutta, India. Miji ya kusini mwa Marekani ikawa wateja wake. Hapo ndipo dawa ya asubuhi ilipogeuka burudani ya mchana wa joto, kwa kuwa julepu bila barafu ni wiski yenye sukari na majani, na mtu anaweza kuipata popote. Barafu, hata hivyo, huja gogo zima. Lazima ipasuliwe, itiwe katika mfuko wa turubai, ipondwe kwa nyundo ya mti hadi iwe chenga kavu, kisha ifike kikombeni kabla haijaanza kuyeyuka. Vipande vikiwa vikubwa, pombe hubaki kali na haipoi. Vikiwa tepetepe, kinywaji huwa maji matupu. Fedha hupitisha joto upesi kuliko kioo, ndiyo maana ukungu huganda nje ya kikombe, na ndiyo maana mjuzi hukishika ukingoni au chini ili kiganja kisiharibu kazi. Nanaa nayo haipendi kuonewa: ukiisaga hutoa uchungu wa majani, ukiigusa kidogo hutoa harufu. Mrija hukatwa mfupi ili pua ya mnywaji iingie kwenye shada la majani. Kuhusu mrija, inasimuliwa kwamba Marvin Stone wa Washington alichoshwa na mirija ya nyasi iliyokuwa ikilowana na kuacha ladha katika julepu yake, akabuni wa karatasi na kupewa hataza mwaka 1888. Kwa orodha hii ya kazi ndogo ndogo inaonekana wazi kwamba viungo vinne havitoshi kuwa julepu. Kuna mtu anayejua, na kuna saa nyingi za kujifunza. Huko kusini kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1861, mtu huyo kwa kawaida alikuwa mweusi.

Anayejulikana zaidi ni John Dabney wa Richmond, Virginia, aliyezaliwa utumwani mnamo 1824. Bibi aliyemmiliki alimkodisha kwa wenye hoteli na kuchukua ujira wake. Yeye aliruhusiwa kubaki na bakshishi. Julepu yake, iliyopewa jina la mvua ya mawe kwa wingi wa barafu yake, ilipambwa kwa matunda na maua na kuwekwa mbele ya wateja kama kazi ya sanaa. Mwaka 1860, mwana wa Malkia wa Uingereza, aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII, alipopita Richmond, inasimuliwa kwamba Dabney ndiye aliyemtengenezea. Bakshishi hizo zilifanya kazi kubwa kuliko kumtoa mtu kiu. Kwa fedha hizo Dabney alimnunulia uhuru mke wake, Elizabeth, kisha akaanza kujinunua mwenyewe kwa awamu. Vita viliisha mwaka 1865 kabla hajamaliza. Sheria haikumdai tena hata senti, lakini alikwenda kwa yule bibi akamlipa deni lililobaki.

Wazungu wa Richmond walilipenda tukio hilo. Walilisimulia kwa miaka kama kielelezo cha mtumishi mwaminifu, na msomaji mwangalifu atauliza kama tunaweza kuamini sifa zinazotoka katika vinywa vya namna hiyo. Je, si huenda walimkuza Dabney kwa sababu alilipa, wala si kwa sababu ya julepu? Swali ni la haki. Kuna mambo mawili ya kulijibu. La kwanza, sifa ya mikono yake ilitangulia deni: alikodishwa kwa ajili ya ujuzi huo kabla ya vita, na asingepata bakshishi za kumtoa mtu utumwani kama wateja wasingemfuata yeye hasa. La pili ni mtoto wake. Aliyezaliwa Novemba 1865, miezi michache baada ya uhuru, alipewa jina la Wendell Phillips, yaani jina la mmoja wa wapinga utumwa wakali kabisa wa Boston, ambaye waungwana wa Richmond walimchukia kama ukoma. Baba aliyewanywesha mabwana hao huku akitabasamu alijua vizuri alikosimama. Kulipa deni kulimpa jina jema la mkopo katika mji uliokuwa umejaa maadui wa watu walioachwa huru, naye aliendesha biashara yake ya vyakula na vinywaji mpaka alipofariki mwaka 1900. Huyo mtoto, Wendell Phillips Dabney, alikuja kuwa mhariri wa gazeti mjini Cincinnati na kiongozi wa kutetea haki za weusi. Sioni namna ya kuiita familia hiyo vyombo vya kutii maagizo.

Maana hilo ndilo pingamizi linalorudi mara kwa mara: kwamba mabwana ndio waliokuwa na kanuni, vikombe na pombe, mtumwa alifuata alivyoambiwa. Kama ingekuwa hivyo, kila nyumba yenye pombe na mtumwa ingetoa julepu ya kusafiriwa. Haikuwa hivyo. Richmond ilijua majina ya wachache, wakiwamo Jasper Crouch na Jim Cook mbali na Dabney. Soko halilipii mkono usio na tofauti na mkono mwingine.

Mfano wa pili unatufikisha Kentucky yenyewe. Tom Bullock alizaliwa Louisville mwaka 1872, akahudumu katika klabu ya Pendennis mjini humo, kisha akahamia klabu ya matajiri ya St. Louis. Mwaka 1913 rais mstaafu Theodore Roosevelt alimshtaki mhariri wa gazeti la Michigan aliyeandika kuwa yeye ni mlevi. Akiwa kizimbani, Roosevelt alikiri kwamba katika klabu ya St. Louis alionja julepu, akanywa mafunda machache tu. Gazeti la St. Louis Post-Dispatch likafanya dhihaka: nani awezaye kuonja julepu ya Tom na kuiacha kikombeni? Roosevelt alishinda kesi na kulipwa senti sita. Bullock alipata umaarufu wa nchi nzima. Mwaka 1917 alichapisha kitabu chake, The Ideal Bartender, kilichotanguliwa na maneno ya George Herbert Walker, babu wa rais wa kwanza wa ukoo wa Bush kwa upande wa mama, na baba wa bibi yake rais wa pili. Humo tunaikuta julepu ya mtindo wa Kentucky: donge la sukari katika maji kidogo, kikombe cha fedha kilichojaa barafu laini, vipimo viwili vya bourbon iliyokomaa, shada la nanaa juu, na onyo kwamba nanaa isipondwe. Kanuni ambayo leo hupachikwa kwa makanali imo katika kitabu cha mtoto mweusi wa Louisville. Miaka mitatu baadaye serikali ilipiga marufuku pombe, na kazi ya Bullock ikawa kosa la jinai.

Uwanjani mambo yalikwenda njia hiyo hiyo, na kwa ukatili zaidi. Meriwether Lewis Clark Mdogo alizuru Uingereza mwaka 1872, akaona mashindano ya Derby ya Epsom, akarudi na shauku ya kuwa na Derby ya kwao. (Shauku hiyo ya Kiingereza ilifika mbali: Nairobi nayo ina Derby yake katika uwanja wa Ngong.) Mashindano ya kwanza yalifanyika tarehe 17 Mei 1875, kwenye ardhi ya wajomba zake wa ukoo wa Churchill. Farasi Aristides alishinda. Aliyempanda, Oliver Lewis, alikuwa mweusi. Aliyemfundisha, Ansel Williamson, alizaliwa mtumwa. Na kati ya wapanda farasi 15 wa siku ile, 13 walikuwa weusi. Katika Derby 28 za mwanzo weusi walishinda 15. Isaac Murphy alishinda mara tatu, mwaka 1884, 1890 na 1891. Kisha ubaguzi ukaandikwa katika sheria, mishahara ya wapanda farasi ikanona, na wapanda farasi weupe wakaanza kuwabana wenzao weusi kwenye uzio katikati ya mbio huku wamiliki wakiacha kuwaajiri. Jimmy Winkfield, mshindi wa mwaka 1901 na 1902, alikwenda Urusi kutafuta riziki na baadaye Ufaransa. Baada yake hakuna mpanda farasi mweusi aliyeshinda tena. Baada ya mwaka 1921 hata kushiriki kulikoma, mpaka Marlon St. Julien alipopanda mwaka 2000. Winkfield alipoalikwa Louisville mwaka 1961 kwenye karamu ya heshima, walinzi wa hoteli walimzuia mlango wa mbele.

Ndipo tunafika kwenye miaka ambayo hadithi ya kanali ilishonwa. Marufuku ya pombe ilidumu tangu 1920 hadi Desemba 1933, na katika kipindi hicho wiski iliuzwa kihalali kwa cheti cha daktari, kana kwamba julepu imerudishwa kwa matabibu wake wa kwanza. Baa zilizowalea akina Bullock zilifungwa, na mlolongo wa mafunzo ukakatika. Pombe iliporudi, Marekani iliyokuwa katika dhiki ya uchumi ilikuwa na kiu ya hadithi za Kusini lenye majumba ya nguzo nyeupe: riwaya ya Gone with the Wind ilitoka mwaka 1936 na filamu yake mwaka 1939. Machi 1937, ofisa wa jeshi Simon Bolivar Buckner Mdogo, mwana wa jenerali aliyepigania Kusini la watumwa na kisha kuwa gavana wa Kentucky, aliandika barua iliyokuja kuwa maarufu kuhusu namna ya kuandaa julepu. Anashikilia kwamba si suala la vipimo bali ni ibada, nayo lazima ifanywe na muungwana. Neno lake linaonyesha jinsi mabadiliko yalivyokamilika: kazi iliyokuwa imefanywa kwa vizazi na watu waliokatazwa kuitwa waungwana sasa ilihitaji muungwana. Mwishoni mwa muongo huo huo Churchill Downs waliona wateja wanaondoka na glasi za maji kama kumbukumbu, wakaanza kuuza julepu katika glasi maalumu za Derby. Ikawa kinywaji rasmi.

Atakayesema kwamba mila zote hubuniwa, na kwamba kuna ubaya gani watu wakifurahia ndoto yao siku moja kwa mwaka, hakosei kabisa. Ila ndoto hii haijitunzi hata yenyewe. Sheria ya Marekani inataka bourbon itengenezwe kwa nafaka ambazo mahindi si chini ya asilimia 51, na ikomae katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani. Kwa miaka mingi, mpaka katikati ya miaka ya 2010, julepu ya Derby ilitengenezwa kwa Early Times, ambayo ndani ya Marekani iliuzwa kama wiski ya Kentucky tu, kwa kuwa sehemu yake ilikomazwa katika mapipa yaliyokwisha kutumika. Maelfu walishangilia kinywaji cha asili ambacho kisheria hakikuwa bourbon. Leo kinachomiminwa uwanjani ni mchanganyiko wa Old Forester uliotayarishwa tayari katika chupa, upatao chupa 10,000. Mhudumu huongeza barafu na nanaa. Siwalaumu, maana watu 150,000 hawawezi kungojea mtu mmoja aponde barafu. Lakini wanaochukua tarehe, kikombe na kofia kutoka zamani wasichague kuwaacha watu. Na suala si la hisia tu: mwenye kudai kuwa muungwana wa shambani ndiye mbunifu ameleta barua ya mwaka 1937 na masimulizi ya hoteli, ilhali upande wa wahudumu una kitabu kilichochapishwa, kumbukumbu za kesi ya rais, na uhuru wa mwanamke ulionunuliwa kwa bakshishi.

Glasi ya Derby inayouzwa kila mwaka huandikwa majina ya farasi wote walioshinda, kuanzia Aristides wa 1875. Churchill Downs waongeze mawili: John Dabney na Tom Bullock.